Saratani ya damu isiyosubiri: Pwani inahitaji jicho kwenye hadubini kabla ya jengo jipya

Kila msimu wa bajeti za kaunti unapofika, maombi ya afya huku kwetu Pwani huwa ni yale yale: wodi mpya, mashine mpya, ambulensi mpya. Ni maombi ya haki, maana shida tunaziona kwa macho yetu. Lakini katika vikao vya maoni ya umma ni nadra kumsikia mtu akiuliza: yule mtaalamu wa maabara anayeangalia damu kwenye hadubini, yuko mmoja au wako watano? Usiku na siku za Idi anakuwapo nani? Mara ya mwisho kupelekwa mafunzoni ilikuwa lini?

Leo nalileta swali hilo kupitia maradhi ambayo wengi wetu hatujapata kuyasikia. Ni aina ya saratani ya damu iliyo nadra, kwa jina la kitaalamu lukemia kali ya promailositi, na madaktari huifupisha kwa herufi APL. Ina sifa mbili ambazo kwa kawaida hazikai nyumba moja. Ni miongoni mwa saratani za damu zinazoua haraka mno, pengine ndani ya siku chache tu. Tena ni miongoni mwa zile zinazopona vizuri zaidi, ikiwa itatambuliwa mapema. Kati ya kifo na uponyaji huo kuna mtu mmoja: yule anayeangalia tone la damu na kutambua kwamba chembe anazoziona hazijakomaa, na kwamba ni za aina fulani, si nyingine.

Kwa hivyo hoja yangu ni nyepesi kuielewa, ingawa si nyepesi kuitekeleza. Maisha ya mgonjwa wa namna hii hutegemea zaidi mtu aliyefundishwa, aliye zamu, na aliye na ruhusa ya kupiga simu usiku, kuliko jengo lolote tutakalozinduliwa.

Kidaka, kitale, dafu

Mtoto wa Pwani hahitaji kwenda shule ili ajue hatua za nazi. Kuna kidaka, kisha kitale, kisha dafu, kisha koroma, mwisho nazi yenyewe. Mkwezi akiwa juu ya mnazi anajua kwa jicho lipi la kuangusha na lipi la kuacha. Hakuna anayekuna kitale apate tui.

Damu nayo ina shamba lake, nalo ni uboho, ule ute ulio ndani ya mifupa. Humo chembe nyeupe zinazopigana na vijidudu huzaliwa changa kabisa, zikiitwa blasti. Blasti hukua ikawa promailositi, chembe kubwa iliyojaa punje za rangi ya zambarau. Promailositi hukua ikawa mailositi, halafu metamailositi, na mwisho ikawa nutrofili, askari kamili anayetoka kwenye mfupa na kuingia katika mkondo wa damu. Tukisema kwa lugha ya shambani, blasti ni kidaka, promailositi ni kitale, nutrofili ndiyo nazi.

Kwa mtu mwenye afya, vidaka na vitale hukaa shambani; sokoni huja nazi zilizokomaa. Sasa fikiri umeenda Kongowea asubuhi ukakuta mafungu kwa mafungu ya vitale na hakuna nazi hata moja. Hutauliza bei. Utauliza shambani kumetokea nini. Ndivyo anavyopaswa kushtuka mtu wa maabara akiona promailositi kwenye damu ya mgonjwa.

Katika APL, chembe hukwama katika hatua hiyo ya kitale. Hazikomai wala hazifi kwa wakati wake, huzaana tu mpaka zikaujaza uboho wote. Chembe nyekundu hukosa nafasi, mgonjwa akapungukiwa na damu. Chembe sahani, zile zinazogandisha damu, nazo hupungua. Lakini hatari kubwa zaidi iko ndani ya zile punje. Zimebeba kemikali zinazovuruga mfumo mzima wa kugandisha damu: huku damu inaganda pasipotakiwa, huku inayeyuka pale inapotakiwa kuganda, hadi akiba yote ya kugandisha inakwisha. Mgonjwa huvuja damu kwenye fizi na puani, hedhi haikatiki, ngozi inatoka madoa mekundu madogo kama ya viroboto na alama za buluu kama za mtu aliyepigwa. Kinachoua wengi katika siku za mwanzo ni damu kuvuja ndani ya ubongo.

Kwa nini hapa kwetu ni rahisi kuikosa

Hebu zisomwe dalili hizo tena kwa sikio la Mpwani: homa, uchovu, kupungukiwa na damu, kutokwa na damu kwenye fizi. Wa kwanza atasema ni malaria. Wa pili atasema ni dengi, maana Mombasa ilipata mlipuko wa homa ya dengi mwaka 2013 na ukarudi tena 2017, na dengi nayo hushusha chembe sahani na kuleta uvujaji wa damu. Wa tatu, akiwa Kilifi au Kwale, atauliza kama mgonjwa ana selimundu. Wote watatu wana sababu, kwa kuwa maradhi hayo ni mengi kwetu kuliko APL mara elfu nyingi.

Tatizo linakuja pale jibu la kwanza linapofunga mlango wa maswali mengine. Kipimo cha haraka cha malaria, kile cha kijiti na tone la damu, kimeokoa maisha ya watu wengi na hakuna anayetaka kiondolewe. Ila kimekuja na gharama isiyoandikwa kwenye risiti: kioo cha damu hakipakwi tena mara nyingi kama zamani, na jicho lisilotumika hupoteza ukali. Tena mtu anaweza kuwa na malaria kwenye damu na wakati huo huo akawa na maradhi mengine makubwa. Kijiti hakitamwambia daktari habari za promailositi.

Mashine ya kuhesabu damu nayo, ile inayotoa karatasi yenye namba, husaidia lakini haimalizi kazi. Huonyesha kwamba chembe sahani zimeshuka, pengine ikaweka alama ya tahadhari kwamba kuna chembe isiyozijua. Isitoshe, wengi wa wagonjwa wa APL huja na chembe nyeupe chache badala ya nyingi. Aliyefundishwa kwamba saratani ya damu maana yake ni chembe nyeupe kujaa ataiona namba ndogo na kutulia, na hapo atakuwa ametulia mahali pabaya. Katika damu ya namna hiyo chembe wagonjwa huwa chache, na anayetazama hulazimika kukipitia kioo polepole, mpaka pembeni, kuzitafuta.

Jicho linatafuta nini

Nilisomea stashahada ya maabara kabla sijaingia kwenye kazi hii ya kalamu, na jambo moja walimu walilirudia mpaka likatuchosha: kioo kilichopakwa vibaya ni shahidi wa uongo. Tone la damu linatandazwa kwenye kioo kwa mkono mwepesi, linakaushwa, linatiwa rangi ya Giemsa au Leishman, kisha linaangaliwa kwa mafuta chini ya lenzi inayokuza mara 1,000. Vifaa hivi ndivyo vile vile vilivyotumika miaka yote kutafuta vimelea vya malaria. Havihitaji kuagizwa upya kutoka ng'ambo.

Promailositi ya APL ina alama zake. Ni kubwa, na punje zake ni nyingi mno kuliko za promailositi ya kawaida, pengine hata kiini cha chembe hakionekani vizuri. Kiini chenyewe mara nyingi kimekunjika au kimegawanyika sehemu mbili. Kisha kuna alama inayompa mtazamaji uhakika mkubwa: vijiti vyembamba vyekundu vinavyoitwa vijiti vya Auer, vikiwa vingi ndani ya chembe moja na kulaliana kama tita la kuni. Wataalamu wa Magharibi nao waliziita chembe hizo kwa jina la tita la kuni. Anayeliona tita hilo kwa mgonjwa anayevuja damu hana haja ya kusubiri kesho.

Mitego nayo ipo, ndiyo maana kazi hii haiachiwi yeyote tu. Iko aina ya APL ambayo punje zake ni ndogo mno hata hadubini haizionyeshi. Chembe zake huwa na kiini kilichogawanyika pande mbili, chembe nyeupe huwa nyingi, na asiyezoea huziita promonositi, yaani chembe changa za ukoo mwingine kabisa wa damu. Akifanya hivyo atampeleka mgonjwa kwenye tiba nyingine, na saa zitapotea. Upande wa pili, mtu mwenye maambukizi makali, au ambaye uboho wake unafufuka baada ya kudhuriwa na dawa, anaweza naye kuonyesha promailositi nyingi kwa muda bila kuwa na saratani. Kuzitenganisha hali hizi kunahitaji mazoezi, kunahitaji pia mtu wa pili wa kuulizwa.

Uthibitisho wa mwisho hutoka kwenye jeni. Mwaka 1957 daktari Leif Hillestad wa Norwe aliwaeleza wagonjwa watatu waliokufa haraka kwa kuvuja damu, akaipa hali hiyo nafasi yake peke yake kati ya saratani za damu. Miaka 20 baadaye, mwaka 1977, Janet Rowley na wenzake huko Chicago walionyesha kwamba katika chembe hizi kipande cha kromosomu ya 15 na kipande cha kromosomu ya 17 hubadilishana mahali. Mabadilishano hayo huunganisha jeni mbili ambazo hazikupaswa kukutana. Moja ya hizo ndiyo inayopokea amri, yenye asili ya vitamini A, ya kuiambia chembe ikomae. Amri inafika, lakini mlango umefungwa. Kitale kinabaki kitale.

Dawa inayoivisha

Hapa ndipo kisa hiki kinapotofautiana na tulivyozoea kusikia kuhusu saratani. Katika miaka ya 1980 daktari Wang Zhenyi na wenzake wa Shanghai walijaribu dawa ya kumeza iliyo jamaa ya vitamini A, iitwayo tretinoini, ambayo madaktari huiita ATRA. Mwaka 1988 walitoa matokeo ya wagonjwa 24. Wote walipata nafuu kamili, na 23 kati yao kwa dawa hiyo peke yake. Dawa yenyewe ilizisukuma chembe zilizokwama zikakomaa, kisha zikafa kama chembe nyingine zote zinavyokufa. Kwa lugha yetu, iliivisha kitale kikawa nazi.

Huko Harbin, kaskazini mwa China, Zhang Tingdong na wenzake tangu miaka ya 1970 walikuwa wakitumia aseniki, ile ile tunayoijua kama sumu, kwa vipimo vya kitabibu. Walikuta kwamba inafanya kazi zaidi katika aina hii ya saratani. Mwaka 2013 utafiti wa madaktari wa Italia na Ujerumani, ukiongozwa na Francesco Lo-Coco, ulionyesha kwamba kwa wagonjwa wasio katika kundi la hatari kubwa, ATRA na aseniki bila kemo kali ziliwaacha hai 99 kati ya kila 100 baada ya miaka miwili. Dawa zote mbili zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Ukiisoma namba hiyo ya 99 utadhani kazi imekwisha, lakini haijakwisha. Wanaoingia kwenye utafiti ni wale waliofika hospitali wakiwa hai, wakatambuliwa. Uswidi, nchi tajiri yenye hospitali kila mahali, ilipohesabu wagonjwa wake wote wa APL wa miaka ya 1997 hadi 2006, ilikuta kwamba 29 kati ya 100 walikufa ndani ya siku 30 za kwanza. Dawa ilikuwapo nchini. Kilichokosekana kwa wengi ni muda.

Ndiyo maana miongozo ya tiba ya maradhi haya inakubaliana juu ya jambo moja lisilo la kawaida: daktari akishuku tu, kwa alichokiona kwenye hadubini, aanze kumpa mgonjwa ATRA saa hiyo hiyo, bila kungoja majibu ya jeni. Majibu yakija kinyume, dawa inasimamishwa. Dozi chache zilizotolewa bure zina madhara madogo ukilinganisha na dozi moja iliyochelewa.

Walivyofanya wengine wasio matajiri

Msomaji anaweza kusema haya ni mambo ya Ulaya na China. Basi tutazame Brazil. Huko, kabla ya mabadiliko, takriban wagonjwa 32 kati ya 100 wa APL walikuwa wakifa mwanzoni mwa tiba. Madaktari wa Brazil, Meksiko, Chile na Uruguay waliungana katika mtandao mmoja kwa msaada wa wenzao wa Marekani na Ulaya. Matokeo yao ya mwaka 2013 yalionyesha kwamba vifo vya mapema vimeshuka hadi 15 kati ya 100, na 80 kati ya 100 walikuwa hai baada ya miaka miwili.

Hawakugundua dawa mpya, wala hawakujenga hospitali mpya kwa ajili ya maradhi haya. Walikubaliana kwamba atakayeshuku aanze ATRA mara moja. Walitumia kipimo cha rangi kinachotoa jibu kwa saa chache: protini moja ambayo kwenye chembe nzima huonekana kama nukta chache kubwa, kwenye APL husambaratika ikawa vumbi la nukta ndogo ndogo. Waliweka kanuni za kutoa chembe sahani na plazma bila kusita. Na walizungumza kila mara, hospitali kwa hospitali, kuhusu mgonjwa huyu na yule. Pale palipohitajika kemo walichagua dawa iliyo rahisi kwa bei na inayopatikana kwao.

Sisi tumejaribu njia nyingine. Mwaka 2015 serikali ya kitaifa ilizindua mpango wa kukodi vifaa vya matibabu kwa hospitali 98, zikiwemo mbili katika kila kaunti. Vipo vifaa vilivyosaidia watu, hilo lisemwe kwa uadilifu. Lakini kamati maalumu ya Seneti iliyouchunguza mpango huo, na kutoa ripoti yake mwaka 2020, ilikutana na malalamiko ya vifaa vilivyokaa bila kazi, kwingine kwa kukosa wataalamu, kwingine kwa kukosa hata umeme au maji. Mashine ilifika kabla ya mtu wa kuitumia. Tangu 2013 afya imegatuliwa, hospitali za kaunti ni zetu na bajeti ni yetu. Kosa hilo tukilirudia, hatutakuwa na wa kumlaumu Nairobi.

Mambo manne yanayowezekana

La kwanza ni kanuni. Hospitali zote za rufaa za Pwani ziweke agizo kwamba mgonjwa yeyote ambaye chembe sahani zake zimeshuka na anavuja damu, au ambaye aina mbili za chembe zake za damu zimeshuka bila sababu, kioo chake kipakwe na kutazamwa na mtu siku hiyo hiyo, na aliyetazama aandike jina lake. Agizo hili halina bei. Lina uwajibikaji tu.

La pili ni mtandao wa macho. Kaunti sita za Pwani tayari zina umoja wao, Jumuiya ya Kaunti za Pwani. Si lazima Lamu au Tana River iwe na daktari bingwa wa damu wake peke yake. Inatosha mtaalamu wa maabara wa Hola aweze kupiga picha ya alichokiona kupitia jicho la hadubini kwa simu yake, picha isiyo na jina la mgonjwa, akaituma kwa bingwa aliye zamu Mombasa au Nairobi na kujibiwa ndani ya saa moja. Kilifi tuna kituo cha KEMRI na Wellcome kilichoanza kazi mwaka 1989 na kilichofanya utafiti wa malaria na selimundu unaojulikana dunia nzima. Ujuzi wa damu si mgeni Pwani. Haujaunganishwa tu na yule aliye zamu saa nane za usiku.

La tatu ni dawa ya kuanzia. Angalau hospitali moja ya rufaa Pwani iwe na akiba ndogo ya ATRA kabatini, ya kutosha siku chache za mgonjwa mmoja au wawili, na ruhusa ya kuianza kwa kushuku. Tangu Oktoba 2024 tumehamia SHA kutoka NHIF, na mjadala mwingi umekuwa juu ya viwango na makato. Uulizwe pia swali hili: ikiwa bima inahitaji kibali kabla ya kulipia matibabu ya saratani, kibali cha maradhi yanayoua kwa siku tatu kinatoka kwa siku ngapi? Dozi ya kwanza isisubiri karatasi.

La nne liko mikononi mwetu wananchi, nalo ni damu. Mgonjwa huyu huhitaji chembe sahani, pengine kila siku, na chembe sahani zikishatengwa hazikai zaidi ya siku 5 hivi. Haziwezi kuwekwa akiba kama mchele. Kwa miaka mingi nguzo ya uchangiaji damu Kenya imekuwa wanafunzi wa sekondari. Shule zikifungwa, akiba inateremka. Misikiti yetu hujaza watu kila Ijumaa. Kamati za misikiti na vikundi vya vijana mitaani vikiwa na orodha ya wachangiaji walio tayari kuitwa, wenye makundi ya damu yanayojulikana, hilo litakuwa limeokoa wengi, wakiwemo akina mama wanaojifungua na majeruhi wa barabarani.

"Lakini hao ni wachache"

Najua hoja itakayoletwa. Saratani hii ni takriban moja ya kumi ya kundi la lukemia kali za aina ya mailoidi, na kundi lenyewe ni nadra. Kwa nini kaunti isiyo na panadoli ya kutosha ihangaike na maradhi ya watu wachache?

Jibu la kwanza ni kwamba jicho halifundishwi kwa maradhi mamoja. Mtaalamu anayeweza kuitambua promailositi ndiye atakayeitambua lukemia ya mtoto inayodhaniwa kuwa malaria sugu, ndiye atakayeona chembe mundu, ndiye atakayeona kimelea kilichokikwepa kile kijiti. APL ni mtihani mgumu wa kazi ya kila siku. Maabara inayoufaulu mtihani huu itafaulu na mingine mingi.

Jibu la pili ni kwamba hatuzungumzii maradhi ambayo hata ukiyajua huna la kufanya. Huwapata sana vijana na watu wa makamo, wenye watoto wadogo na wazee wanaowategemea, na dawa ipo. Kufa kwa maradhi yasiyo na tiba ni msiba. Kufa kwa maradhi yenye tiba nzuri kiasi hiki, kwa sababu kioo hakikutazamwa, hilo halipaswi kupita kimya kimya.

Wako pia watakaosema mgonjwa apelekwe Nairobi. Apelekwe, ikibidi. Lakini kutoka Mombasa ni karibu kilomita 480, na kutoka Lamu ni mbali zaidi. Mgonjwa ambaye damu yake haigandi, akisafirishwa kabla hajaongezwa chembe sahani wala kupewa dozi ya kwanza, anaweza kuvuja damu kichwani akiwa njiani. Rufaa nzuri huanza na matibabu, kisha gari.

Nyumbani je?

Ndugu msomaji, hutakiwi kuwa daktari. Lakini yako machache ya kushika. Mtu mwenye homa na uchovu akianza kutokwa na damu kwenye fizi au puani bila kukoma, akatokwa na alama za buluu bila kuumia, au hedhi ikawa nzito ghafla, apelekwe hospitali siku hiyo, asipewe aspirini wala dawa za maumivu za jamii hiyo, wala asichomwe sindano za msuli mitaani. Akiambiwa chembe sahani zimeshuka, uliza kwa adabu: kioo cha damu kimetazamwa na mtu? Si utovu wa heshima kuuliza. Daktari mzuri atafurahi.

Kwa kuwa nimetaja vitamini A, nitahadharishe. Papai, karoti na maini ni vyakula vyema, lakini haviponyi saratani hii, wala vidonge vya vitamini A vya dukani haviponyi. Vikizidi hudhuru ini, na kwa mja mzito hudhuru mtoto. ATRA ni dawa ya hospitali. Nayo ina hatari zake: baadhi ya wagonjwa hupata homa, kuvimba mwili na kushindwa kupumua chembe zinapoanza kukomaa kwa wingi, na hapo daktari huwahi kuwapa dawa ya deksamethasoni.

Wapo watakaokimbilia kombe na dua kwanza. Dua tuombe, wala hakuna anayetukataza. Tumelelewa tukiambiwa kwamba Mola hakushusha maradhi ila aliyashushia na dawa yake, na kuitafuta dawa ni sehemu ya kumtegemea. Lakini mgonjwa huyu hana wiki ya kusubiri. Dua isomwe akiwa kitandani hospitali.

Sheria inazitaka kaunti zipeleke makadirio ya bajeti bungeni kabla ya mwisho wa Aprili, na kabla ya kupitishwa wananchi lazima wasikilizwe. Mwakilishi wa wodi atakapokuja na orodha ya majengo, yasikataliwe majengo. Aulizwe tu, mbele ya watu, na jibu liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao: hospitali yetu ya rufaa ina wataalamu wangapi wa kusoma damu kwenye hadubini, wangapi wako zamu ya usiku, na ni kiasi gani kimetengwa mwaka huu kuwafundisha? Akija na namba, tuanzie hapo. Akikosa namba, basi tumeshajua kazi inaanzia wapi.